Kuunda upya picha kutoka kwenye vipimo: maswali na majibu

Naujua kabisa ukungu ulioingia kwenye picha yangu. Mbona nikigawanya kila frikwensi ya picha kwa kiwango ilichopunguzwa, ili kuuondoa, napata chenga tupu?

Ukungu haupunguzi kila kitu kwa kiwango kimoja. Maumbo makubwa hupita karibu salama, lakini frikwensi za juu, zinazobeba kingo na vitu vidogo, zinaweza kubakiwa na 0.001 tu ya nguvu zake. Kelele za kamera huingia baadaye, kwenye frikwensi zote. Ukigawanya kwa 0.001 unazikuza mara 1,000, nazo zinaifunika picha.

Njia ya Tikhonov hutafuta x inayopunguza ‖Ax − b‖² + λ‖x‖². A ni ukungu, b ni vipimo, x ni picha tunayoitafuta, ‖ ‖ ni ukubwa (mzizi wa jumla ya miraba), na λ ni uzito wa adhabu kwa x yenye thamani kubwa mno. Kila frikwensi iliyobakiwa na sehemu a ya nguvu zake huzidishwa kwa a/(a² + λ) badala ya 1/a. Kwa λ = 0.01, ile frikwensi ya 0.001 inazidishwa kwa 0.1 hivi. Umeipoteza, ndiyo, lakini ilikuwa imeshazama kwenye kelele.

λ naichaguaje? Nabahatisha kwa macho.

Macho yanadanganywa kirahisi. Pima kelele kwanza: kata eneo la picha lisilo na kitu, kokotoa mchepuko sanifu, σ. Picha ya 256 × 256 yenye σ = 0.02 inatakiwa iwe na ‖Ax − b‖ karibu na 0.02 × 256, yaani 5.12. Anza na λ kubwa, ipunguze nusu kwa nusu, simama ukifika hapo. ‖Ax − b‖ ikishuka hadi 2, programu inachora kelele zenyewe.

Kisha itazame Ax − b kama picha. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayofichua mengi: ukiona kingo za kitu ulichokipiga, ama λ ni kubwa mno, ama A yako si sahihi.

Picha zangu za CT (eksirei zinazopigwa kutoka pembe nyingi) zina michirizi, nyingine zina miduara.

Michirizi mara nyingi ni uchache wa pembe. Kwa miale sambamba na vigunduzi 512, lenga pembe 512 × π/2, takriban 800, ndani ya nyuzi 180. Ukiwa na 60 tu, jaribu adhabu ya Rudin, Osher na Fatemi (1992), inayojumlisha ukubwa wa mabadiliko kati ya pikseli jirani. Hulinda kingo, ila mpito laini wa kijivu hugeuka ngazi.

Miduara ni kigunduzi kinachosoma vibaya katika kila pembe. Sawazisha vipimo kwa picha iliyopigwa bila kitu.

Programu yangu inalipuka badala ya kutulia.

Ukipunguza ½‖Ax − b‖² hatua kwa hatua kwa kufuata mteremko, urefu wa hatua uwe chini ya 2/L, L ikiwa thamani-eigeni kubwa kuliko zote ya AᵀA (Aᵀ ni A iliyogeuzwa, safu kuwa nguzo), yaani ukuzaji mkubwa kabisa inaoufanya. Kisha chukua x na y za kubahatisha, linganisha ⟨Ax, y⟩ na ⟨x, Aᵀy⟩, ambapo ⟨ , ⟩ ni kuzidisha namba moja moja na kujumlisha. Zikitofautiana kabla ya tarakimu ya 10, Aᵀ ina kosa. Kagua kwanza pikseli za mpakani mwa picha.

Kwa data za kuigiza matokeo ni safi, kwa data halisi yanaharibika. Je, mtandao wa neva utasaidia?

Huenda ulitengeneza data kwa A ileile unayoitumia kutatua, kwa hiyo makosa ya A yalijificha. Zitengeneze kwenye gridi ya 700 × 700, ongeza kelele, tatua kwenye 256 × 256.

Mtandao wa neva nao upimwe hivyohivyo. Unaweza kuchora uvimbe usiokuwepo au kuufuta uliopo. Ax kukubaliana na b ni lazima, lakini hakutoshi: sehemu ya picha ambayo vipimo havikuigusa, mtandao huijaza kwa ulichofundishwa.