Maswali ya wasomaji: Kwani Marekani ni "nchi ya mchele"?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Najifunza Kijapani mwenyewe tu nyumbani, hiragana na katakana, zile herufi za sauti tu, nimemaliza, sasa niko kwenye kanji, zile herufi zilizotoka kwa Wachina, na kichwa kinauma. Niliambiwa kila kanji ina maana yake. Haya, nasoma habari za Japani nakuta Marekani imeandikwa 米国, nafungua kamusi, 米 mchele, 国 nchi. Sushi nayo, kile chakula cha wali na samaki, ni 寿司, yaani maisha marefu halafu kusimamia, samaki hayumo kabisa! Wanatutania au mimi ndo sielewi?

JIBU: Hawakutanii, ila hapo usitafute maana, soma sauti. Hiyo inaitwa ateji, kanji inaazimwa kwa vile inavyotamkwa na maana yake inawekwa pembeni. Marekani zamani iliandikwa 亜米利加, isome herufi moja moja: a-me-ri-ka. Hiyo ya pili, 米, imeingia pale kwa sababu ya "me" tu, hakuna aliyekuwa anawaza wali. Baadaye watu wakachoka kuandika herufi nne wakabakiza hiyo moja, wakaongeza "nchi" mbele yake, ikawa 米国, na hapo inasomwa Beikoku, kwa hiyo hata ile sauti ya "me" yenyewe imeshapotea, ndo maana ukiikuta hivi hivi huwezi kujua ilitoka wapi. Ufaransa nayo ni 仏, Budha huyo, na Ujerumani ni 独, peke yake. Hawajawasema vibaya Wajerumani, ni mkato wa 独逸, Doitsu.

Sushi ni hivyo hivyo, su na shi, ila hapo kuna ujanja kidogo maana aliyechagua 寿 alijua ni herufi ya heri na sherehe. Kanji yenye samaki ndani ipo, 鮨, na bado utaiona kwenye vibao vya migahawa ya sushi.

Na usidhani huu ni mchezo wa juzi. Wajapani hawakuwa na maandishi yao, walichukua ya Wachina, na lugha zenyewe hazifanani hata kidogo, sasa utaandikaje viambishi vya Kijapani kwa herufi za Kichina? Wakazitumia kwa sauti. Man'yoshu, mkusanyo wa mashairi zaidi ya 4,500 wa karne ya 8, umejaa mambo hayo, na waandishi wake walikuwa watundu kwelikweli: kuna mahali sauti "kuku" imeandikwa 八十一, yaani 81, kwa sababu tisa ni ku na tisa mara tisa ni 81! Na "shishi" wakaandika 16, shi ni nne, piga hesabu mwenyewe. Watu wamejua jedwali la kuzidisha wakaona walitumie kwenye ushairi. Hizo hiragana ulizomaliza zimezaliwa humo humo, あ ni 安 iliyoandikwa harakaharaka mpaka ikalegea, na イ ya katakana ni upande wa kushoto wa 伊. Kwa hiyo umeshajifunza kanji za sauti muda mrefu, hukuambiwa tu.

Ukitaka kujipima fungua ramani ya Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, majina mengi kule ni ya Kiainu, lugha ya wenyeji wa asili wa kule, yaliyovalishwa kanji. Wakkanai, 稚内, ukifuata herufi unapata "changa" na "ndani", wakati kwa Kiainu ni mto wa maji baridi. Ukiona jina la kule linaishia na "nai" au "betsu" mara nyingi ni mto huo.

SWALI: Naitwa Amina, nataka jina langu kwa kanji, nichore tatuu. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana dada, 亜美奈 inasomeka Amina vizuri tu. Ila jina la mgeni Wajapani huandika kwa katakana, アミナ, tangu mwaka 1946 mwongozo wa serikali ulisema ateji ziandikwe kwa kana, yaani hiragana au katakana, na majina ya nje vilevile. Kanji weka kwenye muhuri, inapendeza. Kwenye ngozi fikiria kwanza, maana "mi" ina kanji kibao, 美 ni uzuri lakini 未 ni "bado", na mchoraji asiyejua lugha atakuwekea yoyote.

SWALI: 夜露死苦 ni nini? Nimeiona nyuma ya koti la pikipiki kwenye picha.

JIBU: Usiku, umande, kifo, mateso. Inasomwa yoroshiku, yaani "naomba tuelewane" au "nakutegemea", salamu ya kila siku kabisa. Vijana wa magenge ya pikipiki, bosozoku, ndo walipenda kuiandika hivyo ionekane ya kutisha.