Visu vitatu vibaya kabla ya kimoja kizuri

Kisu changu cha kwanza cha porini kilikuwa na bapa la sentimita 18, unene wa milimita 6, meno ya msumeno mgongoni na dira ndogo kwenye kitako cha mpini. Kitako chenyewe kilifunguka kwa kuzungushwa, na ndani mlikuwa na ndoano mbili na njiti za kiberiti. Kipya kinyemi ingawa kidonda: nilikivaa kiunoni siku nzima nikiwa sebuleni. Siku ya kwanza porini nikaamua kupasua nacho gogo lisilozidi unene wa mkono. Nilikigonga mgongoni kwa rungu mara tano. Mara ya sita, bapa lilibaki ndani ya gogo na mpini ukabaki mkononi mwangu.

Mpini wenye uwazi ndani hauna nafasi ya msuka. Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ndipo ningependa mtu anayetafuta kisu kisichokunjika, yaani ambacho bapa lake halikunjwi ndani ya mpini, aanzie.

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayozama ndani ya mpini. Katika kisu changu kile ulikuwa kijipande cha kama sentimita mbili, kimekazwa kwa nati. Kabla ya kuuliza habari ya chuma, rangi au ala, uliza chuma kinaishia wapi. Kuna msuka mpana, ambao umbo lake ndilo umbo la mpini wenyewe: ukikishika kisu unaona ukingo wa chuma umezunguka mpini wote, na vipande viwili vya mbao au plastiki vimebanwa kwa ribiti huku na huku. Kuna pia msuka mwembamba unaopita katikati ya mpini, na ukiwa mzuri unafika hadi kitakoni. Watu wengi huudharau huu wa pili. Wanakosea. Puukko, kisu cha jadi cha Wafini, mara nyingi kina msuka mwembamba, na kimechonga, kimechuna na kimetumbua kwa vizazi vingi. Tena penye baridi kali mpini wa aina hiyo una faida, kwa sababu kiganja hakigusi chuma. Lakini kama unajua kwamba utakuwa unapigilia kisu kwa rungu kupasua kuni, chukua msuka mpana na usijadiliane na mtu.

Kisu cha pili nilikinunua kwa hasira za kile cha kwanza. Nilitaka kitu kisichovunjika, na nikakipata: msuka mpana, bapa la milimita 5 na ushee, kizito kama nyundo. Hakikuvunjika hadi leo. Tatizo ni kwamba hakikukata. Nilikinoa mpaka kikanyoa nywele za mkononi, lakini nilipojaribu kuchonga maranda membamba ya kuwashia moto, kilinitolea vipande vinene kama vijiti. Kwenye ngozi ya mnyama kilikuwa kinasukuma badala ya kukata.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Habari ya unene hawakuigusa. Visu viwili vinaweza kuwa na makali sawasawa pale mwishoni kabisa, lakini kimoja kikapita kwenye nyama kama maji na kingine kikagoma, kwa sababu kinachofuata nyuma ya makali ni ukuta wa chuma. Jaribu mwenyewe kwa karoti. Kisu chembamba kinaikata kimya kimya. Kinene kinaingia kidogo, kisha unasikia karoti ikipasuka yenyewe mbele ya makali. Sauti hiyo ya kupasuka ndiyo jibu lako.

Kwa kisu kimoja cha kufanya yote mawili, kazi za kambini na za uwindaji, mimi natafuta unene wa milimita 3 hadi 4. Kwa uwindaji mtupu hata 2.5 zinatosha. Visu vya kawaida vya Morakniv vya Uswidi, vile vya mpini wa plastiki, vingi viko karibu na unene huo na bapa lake lina kama sentimita 10. Nimewaona watu wazoefu sana wakivitegemea huku wanaoanza, nikiwemo mimi wa enzi zile, tumening'iniza majisu kiunoni.

Unene peke yake hautoshi, angalia pia bapa lilivyochongwa. Kuna mtindo wa Skandinavia: bapa linabaki na unene wake wote kutoka mgongoni, kisha chini chini linateremka kwa mteremko mmoja mpana hadi kwenye makali. Kwa mbao hakuna unaoushinda, na kwa anayejifunza kunoa ni zawadi, maana unaulaza mteremko wote juu ya kinoo na pembe inajipata yenyewe. Udhaifu wake ni kwamba ule mwisho ni mwembamba. Ukigonga mfupa unaweza kumeguka. Na ukikata nyama kwa kina, lile bega ambapo mteremko unaanzia linakwama. Mtindo mwingine unateremka taratibu kuanzia mgongoni au karibu na hapo, halafu kwenye makali panaongezwa mteremko mdogo wa pili wa kama nyuzi 20 kila upande. Huu unakata nyama vizuri zaidi na kwenye mbao haukuaibishi. Ule uliobonyea ndani kama wembe wa kinyozi ni mtamu kwa kuchuna, ila usiupigilie rungu. Ule uliovimba kama makali ya shoka unastahimili mapigo, lakini kuunoa kwenye kinoo bapa kunahitaji mkono uliozoea. Mimi nilichagua mteremko wa kuanzia mgongoni, na sijabadili mawazo.

Urefu wa bapa: sentimita 10 hadi 12. Sababu yangu kubwa inatoka kwenye kutumbua. Mkono wako uko ndani ya tumbo la mnyama, huoni unachokata, na kitu pekee kinachokuongoza ni kidole ulichokiweka karibu na ncha. Ncha ikiwa mbali na kidole, utatoboa utumbo au kibofu, na nyama ya karibu itaharibika. Ncha yenyewe nzuri ni ile iliyoshushwa kidogo kutoka kwenye mstari wa mgongo. Mtindo huo ndio uliompa jina kubwa Bob Loveless, fundi wa visu wa Marekani, na wawindaji walimwelewa haraka: ukigeuza makali juu ili kupasua ngozi ya tumbo kutokea ndani, ncha ya namna hiyo haichokoi kirahisi kilicho chini yake. Hakikisha pia kuna mviringo wa kutosha kwenye makali kuelekea mbele, maana sehemu hiyo ndiyo inayochuna.

Sasa kisu cha tatu. Hiki kilikuwa na ndoano ya kupasulia tumbo mgongoni mwa bapa. Kwa mnyama wa kwanza niliisifu. Kwa wa pili ilikuwa imejaa manyoya na mafuta, na ilipokuwa butu niligundua kuwa kinoo bapa hakiingii mle ndani. Inataka tupa ndogo ya mviringo, ambayo sikuwa nayo. Isitoshe, inakunyang'anya mgongo wa kisu, mahali pa kuweka kidole gumba na mahali pa kugonga rungu. Vidole viwili vikinyanyua ngozi huku makali yakiangalia juu vinafanya kazi ileile bure.

Lakini ndoano haikuwa dhambi kubwa ya kisu kile. Mpini wake ulikuwa umesuguliwa ukang'aa kama kioo, na haukuwa na kizuizi chochote mbele. Mafuta na damu vilipoupata, mkono wangu uliteleza ukapanda juu ya makali. Kovu liko kwenye kidole cha shahada, pindo la kwanza. Tangu siku ile naanza kukagua kisu kutokea mpinini. Ukate wa mpini uwe wa yai, usiwe duara kamili, ili hata gizani kiganja kijue makali yameelekea wapi. Pawe na uvimbe mdogo mbele wa kuzuia kidole. Mikato mirefu ya vidole siipendi, kwa sababu ilipimwa kwa vidole vya mtu mwingine na inakulazimisha kushika kwa namna moja tu. Mbao ni nzuri ila hunyonya maji. Maikata, yaani tabaka za kitambaa zilizogandishwa kwa gundi ngumu, hushikika vizuri hata ikilowa, mradi haijang'arishwa. Mpira unashika vizuri zaidi na kuchakaa mapema zaidi. Na rangi ya chungwa msiicheke. Kisu chenye mpini wa kahawia kikianguka kwenye majani makavu, kimekwenda.

Kuhusu chuma nitasema kidogo, kwa kuwa watu hulijadili hili kuliko linavyostahili. Chuma cha kaboni kama 1095, chenye kaboni ya karibu asilimia 0.95, kinanoleka upesi na kinashika kutu upesi. Damu ina chumvi, kwa hiyo usikiache hadi kesho. Chuma kisichoshika kutu kirahisi, kama 12C27 au 14C28N, kinakusamehe uvivu. D2 iko katikati: ina kromi ya karibu asilimia 12, inashikilia makali muda mrefu, lakini kutu inaweza kuipata, na kuinoa kambini ni kazi. (Harry Brearley alipokipata chuma chake kisichoshika kutu kule Sheffield mwaka 1913, alikuwa akishughulikia mitutu ya bunduki inayolika kwa ndani. Wawindaji tumefaidika mara mbili.) Ugumu wa 57 hadi 60 kwa kipimo cha Rockwell unanitosha. Chuma cha kawaida kilichochomwa na kupozwa na fundi anayejua kazi yake kitakufaa kuliko chuma cha jina kubwa kilichoharibiwa kwenye tanuri.

Mgongo wa kisu uwe na pembe kali za mraba. Utakihitaji kukwangulia kijiti cha cheche, kile cha kuwashia moto. Kijiti hicho hutoa cheche zake chenyewe, kwa hiyo chuma chochote chenye ukingo mkali kitakikwangua. Ukitaka kuwasha kwa jiwe gumu la asili, hapo ndipo chuma cha kaboni kinahitajika.

Ala wengi huisahau mpaka kisu kipotee. Yule mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, Ötzi, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na kisu cha jiwe chenye mpini wa mti na ala iliyosukwa kwa nyuzi za gome. Aliona umuhimu. Chomeka kisu, kigeuze kichwa chini, kitikise kwa nguvu juu ya udongo laini. Kikitoka, tafuta ala nyingine. Ya ngozi ni tulivu unapotembea lakini hutunza unyevu, kwa hiyo usihifadhi kisu humo ukiwa nyumbani. Ya plastiki ngumu hupiga kelele ila inaoshwa.

Kinoo kinunue siku hiyohiyo unayonunua kisu, chenye upande mkwaruzo na upande laini, na tafuta mkanda wa zamani wa ngozi wa kumalizia makali. Ukichonga, usichonge juu ya mapaja. Mshipa mkubwa wa damu unapita hapo, na porini hospitali iko mbali.

Na kisu kipya usikipeleke mawindoni moja kwa moja. Kaa nacho mchana mmoja ukichonga vigingi vya hema, saa mbili bila kukibadilisha mkono. Pakitokea lengelenge kati ya kidole gumba na cha shahada, tazama ni kona gani ya mpini iliyolileta, kisha chukua msasa uipunguze. Mpini wa kisu ninachotumia sasa nimeupiga msasa mara mbili, na kuna sehemu moja karibu na kitako ambayo bado naitilia shaka.