Hiyo R ya Kingereza huwa inaenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli huku Nungwi, Kingereza ninacho cha kuombea maji ila kuna kitu kinanichanganya kila siku. Mwingereza akisema "car" nasikia kaa tu, R hamna, akija Mmarekani anaikunja R hadi unamhurumia ulimi wake. Juzi mgeni kaniuliza habari za "birds", yaani ndege wa mitini, mi nikasikia "beds", vitanda, nikamjibu vipo viwili, kikubwa na kidogo. Wenzangu wananicheka mpaka leo. Nani hapo anakosea?
– Wa Mapokezi, Nungwi

JIBU: Marahaba mwanangu. Wageni wako wote wako sawa, na wewe hukusikia vibaya kihivyo, ndo sikio la Mswahili lilivyo. Chukua neno nesi, limetoka kwenye "nurse", R yake iko wapi? Wazee waliandika walichosikia: baa, kadi, pati, kona, tochi, motokaa, zote kule zilikotoka zina R ila matamshi ya Kingereza yaliyotufikia sana ni ya wale wasioitamka. Halafu angalia shati na nesi, moja tumeipa a nyingine e, wakati kwa Mwingereza "shirt" na "nurse" irabu ni ileile, sisi hatuna irabu hiyo basi kila neno likajibanza kwa jirani aliyelifaa.

Sasa R inaivuruga vipi irabu. R yetu ncha ya ulimi inagonga ufizi chap inaondoka, irabu haina habari. Ya Kingereza haigongi kitu, ulimi unajikusanya kurudi nyuma, na shida ni kwamba unaanza safari kabla irabu haijaisha. Jaribu hapohapo kaunta (wageni wakiwa ufukweni lakini): sema iiii, usikate sauti, vuta ulimi nyuma bila kugusa popote. Umesikia i ilivyoyeyuka? Ndo maana "her", "bird" na "nurse", ambazo zamani zilikuwa na irabu tatu tofauti, kwa wengi leo zina moja tu. Uskoti wapo ambao bado wanazitenganisha.

Kusini mwa Uingereza wakaenda mbali zaidi, wakaiangusha na R yenyewe, irabu ikabaki imerefuka. Siyo mambo ya juzi hayo, mwaka 1791 John Walker kwenye kamusi yake ya matamshi alishaandika kwamba London "bard" na "card" zinasikika kama baad na caad. Marekani sehemu kubwa wamebaki nayo, ingawa Boston na New York wapo wengi walioiacha.

Ila haijafa kabisa. Mwingereza huyohuyo wa kaa akisema "the car is here" utaisikia R inachomoza kati ya "car" na "is", kwa sababu imefuatwa na irabu. Wengine wanaiweka hata isipoandikwa, "law and order" inakuwa kama lo-rand-oda. Hiyo usiige.

Kwenye maandishi nako kuna mitego, na hapa nakuonea huruma kweli. W ikitangulia mambo yanageuka: "ward" ndo hiyo wodi yetu, siyo wadi, na "word" au "work" irabu yake ni ya "bird". "Heard" inafanana na "bird", "beard" inaendana na bia, "heart" inaendana na kadi. Hizo tatu we kariri tu, mi mwenyewe nilikariri.

Yule wa ndege akirudi, sikiliza urefu. "Bed" inakatika haraka na mdomo unafunguka, "bird" inavutwa na midomo haiendi popote. Ukibaki na wasiwasi muulize kama anataka kulala au anataka darubini.