Ukishika padi, legeza mkono

Naendesha kibanda cha gemu hapa Kondele, Kisumu, na mgeni wa padi, kile kidhibiti cha kuchezea gemu, namjua hata mechi haijaanza: ameishika kama anayekamua nguo. Kabla ya mapumziko vidole vinamuuma na lawama zote ni za mashine.

Padi ibebwe na kiganja na vidole vitatu vya mwisho. Vidole gumba vibaki huru, kimoja kwenye kijiti cha kushoto, kingine kwenye vitufe. Vidole vya shahada vikae juu, tayari kwa vitufe vya ukingo wa mbele: L1, R1, L2 na R2.

Kijiti si swichi ya taa. Kinapima umekisukuma kiasi gani. Ukikigusa kidogo mchezaji anatembea, ukikifikisha mwisho anaongeza kasi. Watu wamecheza miaka na hiyo hatua ya katikati hawajawahi kuitumia.

Vitufe havina maneno mengi. Kwenye FIFA, gemu ya mpira ambayo sasa inaitwa EA Sports FC, ukiicheza kwa PlayStation bila kubadilisha mpangilio, eksi ni pasi, duara ni shuti, mraba ni krosi, pembetatu ni pasi ya kupenyeza. Utavizoea jioni moja. Kinachomaliza watu ni R2, kitufe cha mbio. Wanaifinya tangu refa apulize. Sasa mchezaji akiwa mbioni, mpira unamtoka mguuni na kugeuka kunamchukua nafasi kubwa, beki anauokota tu. Achia R2, geuza kijiti, halafu finya tena.

Kuna kijana nilimwambia, "Kaka, hebu cheza kipindi hiki bila R2." Alinung'unika, lakini winga wake, aliyekuwa akipotelea kwenye kibendera cha kona kila mara, akaanza kukata ndani. Bado alifungwa. Mbili, si saba.

Mazoezi yafanyie nyumbani kama una mashine, kwa maana kibandani unalipia mechi. Sisemi hivyo kwa furaha.

Mchezaji akijitembeza wakati hujagusa kitu, kijiti kimechoka: vipande vya ndani vimelika kwa kusuguana, au vumbi limeingia. Usipulize kwa mdomo, unaongeza unyevu. Mpelekee fundi. Kwenye kompyuta, Steam, programu ya kununulia na kuchezea gemu, inakuruhusu kupanua eneo la katikati ambalo halisomwi, na hilo linakusogeza siku kadhaa.

Padi ya PS4 ikiwa mpya kwa mashine yako, ichomeke kwa kebo kwanza, kisha bonyeza kitufe cha PS. Isiposomwa, badilisha kebo kabla hujamrudia muuzaji. Nyingi zinazouzwa kando ya barabara ni za kuchaji tu.