Herufi za raizoni zilivyoniumbua buchani

Wiki iliyopita dogo mmoja kaniandikia inboksi, "bro nimeona bango lako la ndondi, ile fonti inaitwaje nidanlodi". Basi. Hata mambo vipi hakuna. Jina la fonti sikumpa, nimeona nijibu hapa kwa wote, maana jina sio ishu. Ishu ni kwamba hizo herufi ziliniumbua vibaya mno kabla hazijanipa hela.

Tuelewane kwanza ni herufi zipi. Ni zile ndefu, mistari minene, zimebanana kama abiria wa daladala saa 12 jioni, halafu juu na chini zimekanyaga vibao vya mraba. Mimi naziita herufi za raizoni, vile viatu vya zamani vya soli nene, kama huvijui muulize mzee wako aliyevaa bugaluu.

Sasa mwaka 2019 nilikuwa ndo naanza, nina laptopu ya mkopo na kiburi cha kutosha. Mzee wa bucha mtaani akanipa kazi, bango la mita 3 kwa 1. Nikadanlodi raizoni moja ya bure, kumbe ni demo, yaani ya kujaribia tu. Nikaandika kila kitu kwa fonti hiyohiyo, jina la bucha, bei, maelezo, namba ya simu, yaani bango zima linapiga kelele. Nilipofika kwenye NG'OMBE, ile ritifaa, kale kaalama ka juu kati ya G na O, ikatokea kiboksi kitupu kwa sababu demo nyingi hazina alama zote. Saa 8 usiku, nimechoka, nikakifuta kile kiboksi nikasema nani ataona.

Wameona wote. Mzee akasimama mbele ya bango, akakaa kimya weee, akaniambia, "Kijana, hapa umeandika ngombe. Mimi nauza ng'ombe." Wateja wakacheka. Ningevumilia, ila siku mbili baadaye akaniita tena, watu wanapiga simu inapokelewa na mama mmoja hata bucha haijui! Namba ilikuwa na 3 mbili, na ukizibana tarakimu nene namna ile vitundu vinaziba, mtu akiwa ng'ambo ya barabara 3 anaisoma 8. Hela iliyobaki hakunilipa. Na kuna dizaina mwenzangu, simtaji, alilipiga picha lile bango akaweka stetasi na vile viemoji vya kulia kwa kicheko. Nilimwona, na mpaka leo sijasahau.

Ndo nikaanza kusoma. Kumbe London mwaka 1845 jamaa anaitwa Robert Besley, wa Fann Street Foundry, kiwanda cha kutengeneza herufi za kuchapia, alitoa fonti ya Clarendon, ukoo mmoja na hizi raizoni, nene na imebana kiasi, na kazi yake ilikuwa kukamata jicho kwenye neno moja katikati ya maandishi ya kawaida, kama lile neno linaloelezwa kwenye kamusi. Neno moja jamani, sio bango zima! Aliisajili, akapewa ulinzi wa miaka 3, ulipoisha wenzake wakaiga kama wamefunguliwa geti. Wamarekani wao wakawa wanazichonga kwenye mbao kwa ajili ya mabango makubwa, maana herufi ya madini ya risasi ya saizi ile ni nzito na ghali. Na kama una Microsoft Office kwenye kompyuta, angalia Playbill kwenye orodha ya fonti, hiyo ilitoka Uingereza mwaka 1938 kwa Stephenson Blake, watengeneza herufi wengine, ya ukoo huohuo.

Kwa Kiswahili hizi herufi zinatufaa sana tu, maneno yetu marefu. Andika TUNAKARIBISHA kwa fonti pana, itabidi uishushe mpaka iwe kama maandishi ya risiti. Ukiibana inasimama ndefu na inajaza bango. Kwenye lile la ndondi nilifanya hivyo, MASUMBWI peke yake ikala nusu ya juu, majina ya mabondia chini yake, halafu tarehe, kiingilio na simu nikaweka fonti ya kawaida isiyo na viatu. Promota alilipa yote kabla sijatoka ofisini. Yote!

Kwa hiyo dogo, raizoni ni ya neno moja, mawili, matatu ukizidi sana. Namba ya simu usiivalishe. Kabla hujaipenda fonti andika kwanza NG'OMBE na 3868 uone. Usichukue fonti pana ukaibana kwa mausi, mistari ya wima itakonda na vibao vitabaki vinene, itaonekana kama mgonjwa kavaa buti. Printi A4, bandika ukutani, rudi nyuma hatua 20, soma. Na nasema tena, neno moja. Nyie vijana mnapenda kudanlodi fonti 400 na hamna hata moja mliyoikagua herufi kwa herufi, halafu mteja akikataa kulipa mnasema ana roho mbaya. Mimi nilisema hivyohivyo, mwaka mzima.

Yule mzee bango analo mpaka leo. Ritifaa kaichora mwenyewe kwa maka peni nyekundu, imekaa upande kidogo. Nikienda kununua nusu kilo ananionyesha kwanza kwa kisu, ndo anakata.