Jibu: Sifuri ya kwanza katika getelementptr
Ndugu, umeuliza kwa nini agizo la getelementptr (linalokokotoa anwani) katika LLVM, mfumo wa kujengea kompaila, linadai sifuri kabla ya 3 unapotafuta kipengele cha nne cha safu ya aina [10 x i32], yaani namba kamili kumi za baiti 4 kila moja. Faharisi (namba ya nafasi) ya kwanza, yaani hiyo sifuri, haiingii ndani ya safu. Hukisogeza kielekezi (anwani ya kumbukumbu unayoanzia) kwa ukubwa wa safu nzima, yaani baiti 40, hivyo ukiandika 1 mahali pa sifuri utairuka safu yote. Ya pili ndiyo inayohesabu vipengele, kuanzia sifuri, na 3 huongeza baiti 12. Agizo hilo hukokotoa anwani tu bila kusoma kumbukumbu, wala aina ya safu haizuii faharisi kuvuka mpaka, jambo ambalo, kwa maoni yangu, huwasumbua zaidi waliozoea Java, lugha inayokagua mipaka yenyewe. Ukaguzi wa mipaka, ukiuhitaji, kompaila yako ndiyo iuzalishe.