Jibu: Tabaka la nanasi haligandi

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba katika kitindamlo chako cha matabaka, yale ya biskuti na krimu yalishika vizuri, lakini lile la juu, la nanasi na jelatini, lilibaki majimaji hata baada ya kulala kwenye friji usiku kucha. Kabla ya kuongeza jelatini, angalia kwanza kama nanasi lenyewe lilipita motoni. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huikatakata protini ya jelatini, kwa hiyo hata pakiti ya pili haitasaidia. Papai na kiwi vina tabia hiyo hiyo, ilhali nanasi la kopo halisumbui kwa kuwa limekwisha kupashwa moto kiwandani.

Mimi huchemsha vipande vya nanasi pamoja na juisi yake na sukari kidogo kwa dakika 5 hivi, nikikoroga hadi povu lipungue na vipande vianze kung'aa. Kisha huipua, na moto ukishapungua ndipo hutia jelatini iliyolowekwa katika maji baridi, kwa sababu kuichemsha jelatini huidhoofisha. Subiri mchanganyiko upoe na uwe mzito kama uji mwepesi, kisha umimine polepole juu ya mgongo wa kijiko, maana ukiwa wa moto utayeyusha krimu na kulowesha biskuti.

Ikiwa kuna wasiokula jelatini ya wanyama, agar-agar itokanayo na mwani inafaa sana. Hiyo ni lazima ichemke, na huganda hata nje ya friji, kwa hiyo usichelewe kuimimina.